Deli la Mama Mkwe

Baadhi yenu mmenitumia ujumbe kupitia gazeti mkiniuliza kwa nini wiki iliyopita sikulichukua lile kufuli la friji nikampiga nalo wifi yangu Asmahani. Nawajibu. Kufuli lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kifuani kwake.

Kwa wanaoanza leo, mimi ni Shadia. Nilizaliwa Immakulata kule Muyama, nikabadili dini kwa hiari yangu nilipoolewa na Athuman, mwenye duka la vitenge hapa Kasulu. Asili yao ni Tanga. Mwaka 2013 alikutwa na uvimbe kwenye ubongo. Wakampasua, wakatoa walichoweza kutoa, na kilichobaki kikawa kinapigwa vita kwa sindano.

Dawa ya sindano hiyo hospitali ya Mwanza hawawi nayo wakati wote, kwa hiyo shemeji yangu Ridhiwani huitafuta Dar es Salaam na kututumia. Ni vichupa vya unga. Sharti lake ni moja tu, vikae kwenye baridi mpaka vimfikie nesi mkononi.

Ndugu za mume wangu wanasema huo uvimbe nimemtia mimi. Ndiyo maana friji la duka lilipigwa kufuli, na ndiyo maana baba yao mdogo, Mzee Khatibu, alikaa kitako akatoa hukumu kwamba tusafiri watatu. Mimi nimshike mgonjwa, Asmahani ashike dawa.

"Uhai wake uwe mikononi mwa damu yake," alisema, na hakuona haya kunitazama.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikilizeni yaliyonikuta njiani.

Basi liliondoka Kasulu asubuhi. Asmahani alikaa na deli mapajani, lile deli jeupe wanalouzia barafu watoto, mfuniko umezungushiwa selotepu ya kahawia tabaka juu ya tabaka. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaamina, ndiye aliyelifunga alfajiri kwa mikono yake. Akalisomea dua, akalipulizia, akasema mtu asilifungue mpaka Mwanza.

"Barafu ziliwekwa za kutosha?" nilimuuliza Asmahani.

"Mama kaweka."

"Wewe uliziona?"

"Nimchunguze mama yangu mikono? Kwenu Muyama ndivyo mnavyowafanyia wazazi?"

Athuman alikuwa kati yetu, kichwa amekiegemeza kwenye kiti cha mbele. Alipoinuka alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia dada yake.

"Huyu mwanamke kalipa nauli?"

"Huyo mkeo, kaka."

"Mke wangu mzuri. Huyu kauzu."

Waliokaa nyuma yetu wakacheka. Nilimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, nikatazama nje. Daktari aliwahi kunieleza kwamba yakitoka maneno kama hayo ni uvimbe unaozungumza, siyo mume wangu. Hakunieleza niyapeleke wapi yakishanifika.

Nampenda Athuman. Naliandika hapa wazi kwa sababu kwao hakuna anayeliamini. Na siku akiwa na akili zake najua kabla hajasema lolote la maana, kwa kuwa huniita jina langu. Akiwa hana, mimi huwa ni "wewe" au "huyu".

Tulifika Kibondo jua limeshapanda. Basi likasimama stendi kusubiri askari wa kutusindikiza, maana mbele kulikuwa na mapori, na siku hizo gari halikupita huko peke yake. Baadhi ya abiria wakashuka kununua ndizi na chai. Nikashuka, nikanunua barafu kwa mama mmoja muuza juisi, nikarudi nazo zimefungwa kwenye mfuko.

"Fungua deli," nilimwambia Asmahani. "Zile za asubuhi zitakuwa zimeyeyuka."

"Halifunguliwi."

"Asmahani, safari bado ndefu. Dawa ikipata joto imekwisha."

"Mama kalisomea. Wewe unataka kulifungua ulitie nini?"

"Nitie barafu. Hizi hapa, zinanidondokea mguuni."

"Immakulata, keti."

Jina hilo hulitumia akitaka kunikumbusha kwamba ndoa yangu wao hawajaikubali. Siku nyingine ningelimeza. Siku hiyo sikulimeza. Nilitoa wembe kwenye pochi, nikamnyang'anya deli, tukavutana nalo mpaka mtandio wake ukamtoka kichwani, nikakata selotepu pande zote.

Nilipoinua mfuniko, joto likanipiga usoni.

Nilidhani nimekosea. Nikaingiza mkono. Ndani mlikuwa na chupa mbili kubwa za soda zimejazwa maji ya moto, zimeviringishwa taulo, na katikati yake, vimebanwa vizuri visitikisike, viboksi vya dawa. Barafu haikuwemo hata kipande. Deli lile lilikuwa limelitunza lile joto tangu Kasulu kwa uaminifu wote.

Nikafungua kiboksi kimoja. Nilikuwa naijua ile dawa. Safari ya kwanza Sista Generosa wa wodini alinionyesha, unga mkavu wa njano iliyopauka, umeshika chini ya kichupa. Akaniambia, "Ukiona humu ndani kumekuwa na mafuta, mama, hiyo si dawa tena."

Nikainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, nikakiinamisha. Mafuta yakatambaa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Nikafungua cha pili, kisha kilichobaki. Yalikuwa yale yale.

Nikakaa sakafuni pale katikati ya viti. Sikulia. Nilikuwa natafuta jambo moja tu la kumwambia Athuman, na sikulipata.

Asmahani ndiye aliyepata la kusema. Alinyakua kichupa kimoja, akakiinua juu watu wakione.

"Tazameni jamani. Unga umekuwa mafuta. Dawa ya hospitali hii, katia mafuta ya waganga wa kwao. Nimesema tangu mwanzo, wakasema naona wivu."

"Kimefungwa hicho," nilisema. "Kina kizibo cha bati, hakijafunguliwa. Mafuta yangeingilia wapi?"

"Wachawi wanaomba ruhusa ya kuingia?"

Mtu mmoja nyuma akasema nishushwe. Mwingine akaunga mkono, na mwanamke aliyekuwa amekaa karibu nasi akavuta mtoto wake. Kondakta, Nestori, kijana wa Busunzu, akapanda kuona kuna nini. Alipoonyeshwa kichupa akarudi nyuma hatua.

"Mama, mimi ndani ya gari mambo ya mafuta sitaki," aliniambia. "Hapo mbele kuna pori. Mtashuka, mtapanda jingine."

"Jingine ni kesho."

"Ego," aliitikia kwa Kiha, "ni kesho. Mtapanda kesho."

Athuman akaanza kupiga makofi. Alifikiri ni mchezo.

Askari mmoja wa msafara akachungulia mlangoni, bunduki begani. "Hilo deli ni la nani?"

"La huyu," alisema Asmahani akininyooshea kidole.

"Amelipakata yeye tangu Kasulu," nilisema. "Na hakulifunga yeye wala mimi. Aliyelifunga yupo nyumbani na simu anayo. Ngoja tumuulize wote tukisikia."

Nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu juu kama nilivyoona wenzangu wakifanya kwenye mikutano.

"Mmefika wapi, wanangu?"

"Shikamoo, Mama. Tupo Kibondo. Mama, kwenye deli uliweka nini?"

"Maji ya moto. Yamepoa? Kama yamepoa tafuteni mengine hapo kwenye mgahawa."

Waliokuwa nje wakasogelea madirisha.

"Na barafu, Mama?"

"Nimezitoa mie. Kwani siku ile sikuwepo? Nilimwona mwanangu alivyolia mkono unamuungua, na hiyo dawa imetolewa kwenye friji muda uleule, jasho la baridi linaitoka. Mgonjwa unamtia baridi ya namna ile kwenye mshipa, asilie kwa nini? Mwenye homa tu hatumwogeshi maji ya baridi. Nimeitoa ubaridi ili ikaingie kwa upole. Safari hii hatalia."

Nestori aliinamisha kichwa. Yule askari akatazama viatu vyake. Naamini kila mmoja mle ndani alimfikiria mama yake, na akaona kwamba mama yake naye angefanya vilevile.

Siku hiyo anayoisema na mimi nilikuwepo. Athuman alilia kweli. Sista akaja, akapunguza matone, akasema ndivyo dawa hii ilivyo, huuchoma mshipa ikienda kwa kasi. Alinieleza mimi, kwa haraka, kasimama. Bi Mwanaamina alikuwa kwenye benchi mlangoni na tasbihi yake, na hakuna aliyekwenda kumweleza. Wala mimi sikwenda, kwa kuwa wiki hiyo alikuwa hajanijibu salamu.

"Imefika salama, mwanangu?" aliuliza.

Mwanangu. Tangu niolewe hajawahi kuniita hivyo peke yangu. Na mimi nilikuwa na jibu limeniiva mdomoni, jibu la kulipia kila chungu nilichofichwa na kila sahani niliyowekewa pembeni. Niseme tu, Mama, umemwua mwanao kwa maji ya moto. Basi. Maneno hayo tu.

Asmahani aliipokonya simu.

"Salama, Mama. Salama kabisa," alisema, akakata.

Watu wakashuka mmoja mmoja bila kututazama. Nestori aliniambia tumalize mambo yetu, tutaondoka nao. Asmahani akanivuta nje, upande wa kivuli cha basi, chini ya dirisha la Athuman. Uso wake ulikuwa umekauka. Nilijua anakuja kuniomba radhi, na nilikuwa nimeshaamua kuikataa.

"Sema ni wewe," alisema.

"Unasemaje?"

"Sema ni wewe uliyeweka maji ya moto. Wakiuliza Mwanza, akiuliza Ridhiwani, akiuliza baba mdogo. Sema wewe."

"Asmahani, una wazimu?"

"Mama ana presha. Akijua ameiharibu kwa mikono yake atakufa, na nyumba itakuwa na misiba miwili. Wewe wameshakusema yote. Uchawi wamekusema, ugumba wamekusema. Ukiongezewa na hili utapungukiwa nini?"

Nilimcheka. Kicheko chenyewe kilinitoka kibaya, hata muuza juisi aligeuka.

"Dakika hii umetoka kuwaambia watu mimi mchawi."

"Nilikosa."

"Ulikosa nini? Hukukosa. Ulikuwa umejiandaa. Uliyaona mafuta ukafurahi, Asmahani, nilikutazama. Kaka yako dawa yake imeharibika na wewe ukafurahi kwa kuwa umenipata."

Hakukataa. Nampa heshima hiyo moja, hakukataa.

"Basi tuwapelekee hivihivi," alisema. "Kikiyeyuka si ni kitu kilekile? Samli ikiyeyuka si ni samli?"

"Sista akiiona anaitupa."

"Mpigie umuulize."

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje, nikamweleza. Sista Generosa hana maneno mengi, na sauti yake ni ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Umeona mafuta?"

"Ndiyo, Sista. Zote."

"Msizifungue. Msizitupe hapo stendi, zikivunjika zikamgusa mtu zinaunguza ngozi. Zileteni tuziteketeze."

"Na mgonjwa, Sista? Zamu yake ni kesho. Daktari alisema tukiiruka hii uvimbe utapata nafasi."

Nikasikia anafunga mlango.

"Sikiliza. Kuna mama wa Geita katutangulia juzi. Ndugu zake wameziacha dawa zake kwenye friji letu, wamesema apewe mwenye shida. Zinamtosha mtu mmoja. Hapa nina kijana wa Sengerema amekaa kwenye benchi tangu jana anazingojea."

Nilishika basi kwa mkono mmoja.

"Daktari anataka kuanza na mumeo kwa sababu alishaanza dozi. Lakini ataniuliza, na mimi nakuuliza. Zenu ziliharibikaje? Umeme, ajali au mtu?"

"Mtu, Sista."

"Nani? Maana hizi ni za marehemu, mama. Kama kwenye familia yenu yupo anayeharibu dawa, nimjue, asikanyage wodini kwangu. Na kama hamnielezi ukweli, kijana wa Sengerema ni mwana wa watu pia."

Asmahani alikuwa amenishika mkono. Alikuwa anasikia kila neno. Midomo yake ilikuwa inatamka bila sauti, wewe, wewe, wewe.

Nikafikiria. Nikisema mimi, nitamfikisha mume wangu mlangoni halafu nizuiwe nje, na atakayemlisha na kumshika mkono dawa ikimchoma ni huyu. Nikisema mama, kizee kile hakitamwona mwanawe wodini tena, na habari itafika Kasulu kabla yetu. Nisiwafiche, kulikuwa na sehemu ya moyo wangu iliyotaka kuisema hiyo ya pili kwa sauti kubwa.

"Shadia."

Sauti ilitoka juu yetu. Athuman alikuwa ametoa kichwa dirishani. Macho yake yalikuwa yametulia, na aliniita jina langu.

"Nipe simu."

"Mume wangu, ngoja kwanza."

"Nimewasikia. Nipe simu, Shadia."

Nikampa. Mngefanyaje ninyi? Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu mwezi uliopita. Ningempa hata mkono wangu.

"Sista," alisema, kwa ile sauti yake ya dukani, ya kumtuliza mteja. "Usiwasumbue hawa wanawake. Ni mimi mwenyewe. Nilizipasha moto mimi."

Asmahani akaachia mkono wangu, akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilisimama pale nikiwa na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo, kwamba mwanaume huyu aliyekaa na jitu kichwani mwake amelipiga teke dakika moja ili atufunike sote watatu.

"Umezipasha ukijua zinaharibika?" Sista aliuliza. Sauti ya nje ilikuwa bado imewashwa, tulisikia vizuri.

Athuman alinitazama. Akamtazama dada yake. Nikatikisa kichwa, nikimwambia hapana, lakini nadhani hakunielewa. Nadhani alifikiri namwonea huruma.

"Nikijua," alisema. "Sikutaka zinichome tena."

Upande wa pili nikasikia karatasi ikifunuliwa.

"Basi, baba, wewe matibabu huyataki," alisema Sista Generosa, na safari hii sauti yake haikuwa kali. "Mtu mzima simlazimishi. Namwambia daktari aanze na kijana wa Sengerema."

Athuman akanirudishia simu dirishani. Alikuwa anatabasamu. "Nimeyamaliza," aliniambia. "Msigombane tena."

Dereva akawasha gari. Askari wa msafara walikuwa wameshaanza kusogea mbele, na Nestori alikuwa anapiga bodi ya basi kwa kiganja akiita watu wake.

"Mama, upo?" Sista alikuwa bado hewani. "Daktari huyu hapa mlangoni, anataka jibu. Ni kweli alivyosema mumeo?"

Asmahani aliondoa mtandio usoni. Nilimgeukia. Nilingoja atamke tena lile neno lake, na hakulitamka. Alimtazama kaka yake dirishani, kisha akaitazama barabara ya Kasulu tuliyotoka.

"Wifi," aliniita. Ndiyo mara yake ya kwanza. "Wifi, nakuomba."

Nikamshikia simu mdomoni.

"Leo sisemi mimi," nilimwambia. "Sema wewe. Mama au kaka."